Mwogeleaji Mkongwe na Kivuli cha Dawa

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Agosti, 2008, wanawake 8 walipanda juu ya majukwaa ya kuanzia katika bwawa la Olimpiki mjini Beijing, kushindania medali za mita 50 kwa mtindo huru. Miongoni mwao alikuwako msichana wa Australia, Cate Campbell, mwenye umri wa miaka 16. Alikuwako pia mama wa Kimarekani, Dara Torres, mwenye umri wa miaka 41, aliyemwacha nyumbani mtoto wa miaka 2. Kengele ilipolia, wote walijitosa, na kabla mtazamaji hajapumua mara kumi mambo yalikuwa yamekwisha. Britta Steffen wa Ujerumani aligusa ukuta kwa sekunde 24.06. Torres aligusa kwa sekunde 24.07. Yule msichana wa miaka 16 alifuata kwa sekunde 24.17.

Wasomaji wetu wengi walilifahamu bwawa hilo kwa sababu nyingine. Siku tatu kabla ya hapo, Mkenya Jason Dunford alikuwa ameweka humo rekodi ya Olimpiki katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, ijapokuwa rekodi hiyo ilivunjwa na mwingine muda mfupi tu baadaye. Lakini dunia kwa jumla ilikuwa ikizungumza habari za Michael Phelps na dhahabu zake 8, na baada ya Phelps ilikuwa ikizungumza habari za huyu mama. Yafaa tukumbuke jinsi alivyofika hapo. Mwezi wa Januari mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 15, Torres aliweka rekodi ya dunia katika mita 50 hizo hizo. Mwaka 1984 alipata dhahabu ya kupokezana mjini Los Angeles. Alirudi Seoul mwaka 1988, akarudi Barcelona mwaka 1992, kisha akaacha. Akarejea Sydney mwaka 2000, akiwa na miaka 33, akaondoka na medali 5. Akaacha tena. Mwezi wa Aprili mwaka 2006 alijifungua mtoto wa kike, na mwezi wa Agosti mwaka 2007 akawashinda vijana wote wa nchi yake katika mashindano ya taifa, akiweka rekodi mpya ya Marekani ya sekunde 24.53. Mjini Beijing alipata medali 3 za fedha, akawa mwogeleaji mwenye umri mkubwa kupita wote waliopata kutwaa medali ya Olimpiki.

Mtu wa kawaida akiyasikia hayo atapiga makofi. Mtu aliyezoea kufuatilia michezo atapiga makofi, kisha atainama na kumnong'oneza jirani yake. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Minong'ono ilianza mwaka 2007 na haikunyamaza. Mwanamke wa miaka 40, walisema, hawezi kuogelea kwa kasi kuliko alivyoogelea akiwa na miaka 17, wala kuliko alivyoogelea akiwa na miaka 33, isipokuwa ana kitu mwilini.

Torres hakuusubiri mnong'ono umfikie mlangoni. Aliuendea mwenyewe. Alikwenda kwa wakuu wa shirika la Marekani la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni akawaambia wampime wapendavyo, damu na mkojo, mara nyingi kadiri watakavyo. Shirika hilo lilikuwa likianzisha mpango wa majaribio wa kuwapima wanamichezo 12 waliojitolea, naye akawa mmojawapo, pamoja na Phelps, mkimbiaji Allyson Felix na Bryan Clay wa michezo kumi. Damu na mkojo wao vilichukuliwa mara kwa mara, na sehemu yake ikagandishwa ili siku zijazo, vipimo vitakapokuwa vikali zaidi, ipimwe upya. Katika vipimo vyote alivyopata kupimwa, Torres hajakutwa na hatia, na sisi hatuna sababu ya kumdhania vingine.

Hata hivyo minong'ono haikukoma, nasi tungependa kueleza kwa nini, maana wapo wanaodhani kuwa ni wivu mtupu na chuki za watu walioshindwa.

Turudi nyuma hadi Montreal, mwaka 1976. Katika Olimpiki ya Munich, miaka minne kabla ya hapo, wanawake wa Ujerumani ya Mashariki hawakupata hata dhahabu moja ya kuogelea. Mjini Montreal walitwaa dhahabu 11 kati ya 13. Walikuwa na mabega mapana na sauti nzito. Mmarekani Shirley Babashoff, aliyekuwa akishindwa nao siku baada ya siku, alisema hadharani jambo ambalo wengine walilisema vyumbani tu: kwamba mambo yale si ya kawaida. Kwa kusema hivyo alidhihakiwa na magazeti ya nchi yake mwenyewe, akaitwa mnuna na mtu asiyejua kushindwa. Alirudi nyumbani na medali 4 za fedha na dhahabu moja ya kupokezana.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 na majalada kufunguliwa, ikajulikana kwamba tangu mwaka 1974 serikali ile ilikuwa na mpango rasmi wa siri wa kuwalisha wanamichezo wake homoni za kiume, wengine wakiwa ni wasichana wadogo walioambiwa kuwa wanapewa vitamini. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani mkuu wa michezo wa nchi ile ya zamani, Manfred Ewald, na daktari Manfred Höppner, kwa kuwadhuru wasichana hao. Medali hazikubadilishwa. Babashoff alikuwa amesema kweli kwa zaidi ya miaka 20, na malipo yake yalikuwa ni kuitwa mnuna.

Fikiria pia habari za Michelle Smith wa Ireland. Akiwa na umri wa miaka 26, umri ambao kwa waogeleaji wa kike wa siku zile ulikuwa ni wa kustaafu, alipata dhahabu 3 na shaba moja katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Nyakati zake zilikuwa zimeshuka kwa ghafla mno. Mumewe, aliyekuwa pia mwalimu wake, alikuwa mrusha kisahani aliyewahi kufungiwa kwa sababu ya dawa. Mmarekani Janet Evans alipoulizwa juu ya minong'ono hiyo akakiri kwamba ipo, akalaumiwa kama Babashoff alivyolaumiwa. Miaka miwili baadaye Smith alifungiwa miaka 4, si kwa sababu dawa ilionekana, bali kwa sababu sampuli yake ya mkojo ilikutwa imechanganywa na pombe kali. Yeye alikana, na medali za Atlanta anazo hadi leo.

Kisha yuko Marion Jones, ambaye habari zake zinamgusa Torres moja kwa moja. Mwanariadha huyu wa mbio fupi alipimwa mara nyingi kwa miaka mingi, na kila alipotuhumiwa alijibu kwa kuonyesha idadi ya vipimo alivyofaulu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2007 alisimama mbele ya mahakama akakiri kwamba alitumia dawa. Hiyo ilikuwa miezi miwili tu baada ya Torres kuweka rekodi yake mpya ya Marekani. Basi wakati ule ule ambapo mama huyu alikuwa akiwaambia watu, "Nipimeni," dunia ilikuwa imekwisha jifunza kwa uchungu kwamba kupimwa na kuonekana safi si sawa na kuwa safi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kipimo kina uwezo wa kumtia mtu hatiani. Hakina uwezo wa kumwondolea tuhuma. Kikionyesha dawa, mambo yamekwisha. Kisipoonyesha, kimesema tu kwamba siku ile, saa ile, katika chupa ile, vitu vile vilivyotafutwa havikuonekana. Chukua mfano wa homoni ya ukuaji. Kipimo chake kilianza kutumiwa katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, lakini mtu wa kwanza kukamatwa nacho alipatikana mwaka 2010. Torres angeweza kutoa damu kila siku ya juma katika mwaka 2008 na bado mtu mwenye shaka angekuwa na la kusema. Alifanya yote ambayo mtu asiye na hatia anaweza kufanya, na hayo yote hayakutosha, kwa sababu yalikuwa ni mambo yale yale ambayo mwenye hatia mwerevu naye angeweza kuyafanya.

Maadamu kipimo hakikati shauri, watu wengi hukimbilia umri. Umri huonekana kwa macho na hauhitaji maabara. Nasi twasema kwamba hapo ndipo wanapopotea.

Kwanza, umri wa kustaafu waliouzoea haukuwekwa na maumbile, au tuseme haukuwekwa na maumbile peke yake. Uliwekwa na mfuko. Kwa miaka mingi kanuni za michezo ya ridhaa zilimkataza mwogeleaji kulipwa hata senti. Alipomaliza chuo akiwa na miaka 22, alilazimika kutafuta kazi kama watu wengine. Mark Spitz, aliyepata dhahabu 7 mjini Munich mwaka 1972, aliacha kuogelea akiwa na miaka 22, si kwa sababu misuli yake ilikuwa imechakaa. Kanuni zilipolegezwa na fedha za wafadhili kuingia, watu wakaanza kubaki. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mita 50 za wanaume na za wanawake zote mbili zilichukuliwa na watu wa miaka 30: Cameron McEvoy wa Australia na Sarah Sjöström wa Sweden. McEvoy mwenyewe alikuwa amekaribia kuacha kabisa baada ya mwaka 2021. Alipumzika, akajishughulisha na kupanda miamba na mazoezi ya nguvu, kisha akarudi bwawani na mpango wa kuogelea kidogo sana kwa kasi kubwa, badala ya zile kilomita nyingi za kila siku zinazowachosha vijana.

Pili, mita 50 si mita 1500. Ni jambo la sekunde 24. Linataka nguvu, ufundi wa kuruka kutoka jukwaani, na mkono unaoshika maji bila kuyapoteza. Pumzi ya ujana haina kazi kubwa hapo. Kinachomshinda mtu mzima ni kupona baada ya mazoezi: kijana hulala usiku mmoja akaamka mzima, ilhali mtu wa miaka 40 huamka na maumivu yake ya jana. Torres alilijua hilo. Aliwalipa watu wa kumkanda na kumnyoosha viungo, akapunguza siku za kuogelea, na mjini Beijing akaiacha mbio ya mita 100 peke yake ijapokuwa alikuwa ameshinda haki ya kuiogelea. Twakiri kwamba homoni za kiume humsaidia mtu kupona haraka, na ndiyo sababu mkongwe aliyerudi hutazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini kuwa na haja ya kitu si ushahidi wa kukiiba.

Tatu, zile namba zenyewe, ambazo watu walizitumia kumshtaki, zikisomwa kwa utulivu zinasema jambo jingine. Katika mwaka 1984 Torres alikuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 25.61. Mwaka 2008 rekodi ya dunia, iliyowekwa na Libby Trickett wa Australia, ilikuwa sekunde 23.97, naye Torres akaogelea 24.07. Kwa muda wa miaka 24 rekodi ya dunia ilishuka kwa sekunde 1.64, na Torres akashuka kwa sekunde 1.54. Dunia nzima ilikuwa imeongeza kasi, naye alijitahidi kuifuata, akabaki nyuma yake kidogo. Mabwawa yalikuwa yamekuwa bora, ufundi ulikuwa umebadilika, na mwaka ule 2008 yalitokea yale mavazi ya kuogelea yaliyombana mtu na kumwelesha majini, ambayo yalifanya rekodi 43 za dunia zivunjwe katika mashindano ya Roma mwaka 2009 hata yakapigwa marufuku kuanzia Januari 2010. Yeyote atakayesema kwamba mama huyu aliongeza kasi kwa dawa, hana budi atueleze kwanza vijana waliomtangulia waliongeza kwa nini.

Tena kuna upendeleo mmoja katika minong'ono hii ambao haujatajwa vya kutosha. Wakongwe wengi wanaorudi hushindwa. Spitz alijaribu kurudi kwa ajili ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akiwa na zaidi ya miaka 40, akiwa ameahidiwa dola milioni moja na mtengeneza filamu mmoja iwapo angefuzu. Akakosa kwa zaidi ya sekunde mbili. Ian Thorpe alirudi, akaanguka katika majaribio ya Australia mwaka 2012. Janet Evans, yule yule aliyeulizwa juu ya Michelle Smith, alirudi mwaka huo huo akiwa na miaka 40, akamaliza wa 80 katika mita 400. Hao wote waliandikwa kwa upendo. Hakuna aliyetaka damu yao. Yaelekea mkongwe akishindwa ni mtu wa kupigiwa mfano, akishinda ni mwizi. Na hata katika kushinda watu hawapimwi kwa kipimo kimoja. Anthony Ervin wa Marekani alipata dhahabu mwaka 2000 akiwa na miaka 19, akaacha mchezo, akaiuza medali yake ili kuwasaidia walioathirika na tsunami ya mwaka 2004, kisha akarudi na kushinda tena dhahabu ya mita 50 mjini Rio mwaka 2016, akiwa na miaka 35. Habari zake zilisimuliwa kama hadithi tamu. Labda ni kwa sababu miaka 35 si 41. Labda pia ni kwa sababu yeye si mama wa mtu.

Sisi tulio Afrika Mashariki hatulitazami jambo hili kwa mbali. Mkimbiaji wa kike wa Kenya anayeshinda leo mbio za marathoni ughaibuni hubeba mzigo ambao hakuufunga mwenyewe. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alipatikana na dawa mwaka 2014. Jemima Sumgong, aliyechukua dhahabu ya Rio, alipatikana mwaka 2017. Ruth Chepngetich, aliyekuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3 katika mwaka 2025. Kenya ilitunga sheria ya kuyafanya makosa haya kuwa jinai tangu mwaka 2016. Lakini yule binti anayeamka alfajiri Iten, ambaye hajapata kumeza kitu chochote isipokuwa ugali na chai ya maziwa, akivunja rekodi kesho ataulizwa swali lile lile aliloulizwa Torres, na kama Torres, hatakuwa na jibu litakaloridhisha. Atakuwa na chupa za mkojo tu.

Je, tufanye nini na shaka? Hatuwezi kuwaambia watu waache kushuku; waliomwambia Babashoff anyamaze walimdhulumu. Twadhani shaka ni halali, ila imeelekezwa mahali pasipofaa. Inaelekezwa kwenye miaka ambayo mwanamichezo ameishi, ilhali ingepaswa kuelekezwa kwenye miaka ambayo hakupimwa.

Mwanamichezo anapotangaza kustaafu, jina lake huondolewa katika orodha ya wanaopimwa wakati wowote bila taarifa. Tangu hapo hakuna anayebisha hodi kwake saa 12 asubuhi na chupa mkononi. Akitaka kurudi, kanuni za dunia humtaka atoe taarifa na kuwa tayari kupimwa kwa miezi 6 kabla ya kushindana. Miezi 6! Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oslo walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya panya waliopewa homoni za kujenga misuli. Dawa ilipokoma misuli ilinywea, lakini viini vipya vilivyokuwa vimeongezeka ndani ya chembe za misuli vilibaki. Panya hao walipofanyishwa kazi tena miezi kadhaa baadaye, misuli yao ilikua upesi kuliko ya wenzao ambao hawakupata kupewa dawa. Panya si binadamu, na mtu asiharakishe kujenga nyumba juu ya mkia wa panya. Hata hivyo, ikiwa jambo hilo lina ukweli hata nusu kwa binadamu, basi mtu anaweza kutumia dawa wakati wa mapumziko yake, akaacha, akangoja hadi mwili usafike, akarudi na kupimwa kila siku bila kuonekana na kitu, huku akiendelea kula faida ya zamani.

Na hata miezi 6 hiyo haikuheshimiwa sikuzote. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong aliporudi kutoka katika kustaafu kwake, aliruhusiwa kushindana nchini Australia mwezi wa Januari mwaka 2009 siku chache kabla ya muda huo kutimia, kwa kuwa mashindano yalimhitaji. Miaka michache baadaye kila mtu alijua Armstrong ni nani. Kanuni iliyopinda kwa ajili ya mtu mashuhuri ndiyo iliyowachafua wakongwe wasio mashuhuri.

Kwa maoni yetu, atakayestaafu naye anataka kuweka mlango wazi, abaki katika orodha ya wanaopimwa. Na atakayeufunga mlango kabisa kisha akabadili nia, apimwe kwa muda usiopungua miaka 2 kabla ya kupanda jukwaani. Kumbukumbu ya damu yake, ambayo sasa huwekwa kwa kila mwanamichezo wa daraja la juu ili mabadiliko yasiyo ya kawaida yaonekane hata kama dawa yenyewe haionekani, isikatike hata mwaka mmoja. Gharama yake ni kubwa, twajua. Wapo watakaosema kuwa mtu wa miaka 38 hana miaka 2 ya kungoja. Ni kweli, wengine watakosa nafasi, na hilo ni hasara. Lakini atakayevuka hapo atakuwa na kitu ambacho Torres, pamoja na ujasiri wake wote, hakuweza kupewa: kumbukumbu isiyo na pengo.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu yalipotokea yale mashindano yaitwayo Enhanced Games, yaliyoanzishwa mwaka 2023 na Mwaustralia Aron D'Souza, ambamo dawa zinaruhusiwa waziwazi. Hayakwenda kutafuta vijana. Yalikwenda kwa wakongwe. James Magnussen, bingwa wa dunia wa mwaka 2011 na 2013, aliyestaafu mwaka 2019, alitangaza mwaka 2024 kwamba yu tayari kujaza dawa mwilini kwa ajili ya dola milioni moja. Akazitumia, akafura misuli, na katika jaribio lake la kwanza hakuifikia rekodi. Aliyeifikia ni Mgiriki Kristian Gkolomeev, wa miaka 31, aliyeogelea mita 50 kwa sekunde 20.89 mwezi wa Februari mwaka 2025, akiwa na dawa mwilini na vazi lililopigwa marufuku mgongoni, akapewa fedha zake. Rekodi halali wakati huo, ya Mbrazili César Cielo, ilikuwa sekunde 20.91. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule akajiunga nao Mwingereza Ben Proud, aliyepata fedha nyuma ya McEvoy mjini Paris.

Wapo waliosema kwamba afadhali hao, maana hawadanganyi. Sisi tunaona dhara lao liko kwingine. Wanamfundisha kila mtazamaji kwamba mwogeleaji aliyepita miaka 30 akirudi na kasi, basi ni sindano iliyomrudisha. Sehemu mbili za mia za sekunde, dawa na vazi vikijumlishwa: hiyo ndiyo faida waliyotuonyesha, nayo ni ndogo kuliko walivyojivunia. Lakini fikira waliyoipanda ni kubwa, na itawaangukia watu kama McEvoy na Sjöström, si Magnussen.

Torres aliogelea mara ya mwisho kwa ushindani mjini Omaha, mwezi wa Julai mwaka 2012, katika majaribio ya kwenda London. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu wake wa Beijing, Michael Lohberg, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baada ya ugonjwa wa damu uliompata muda mfupi kabla ya Olimpiki ile ya mwaka 2008. Goti la Torres lilikuwa limepasuliwa. Yale mavazi yaliyopigwa marufuku hayakuwako tena, na nafasi zilikuwa mbili. Alifika fainali na wasichana ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa alipoanza, akagusa ukuta kwa sekunde 24.82, akawa wa nne. Nafasi ya pili ilimpita kwa sehemu 9 za mia za sekunde.